Kipande Kilichokwenda Bokoli

Niliogopa kemia kabla sijaifundisha, nikaiogopa miaka yote niliyoifundisha, na sasa nimestaafu na bado nikisikia kitu kinachemka jikoni bila kujua ni nini, nasimama mlangoni kwanza. Nasema hivi mapema ili ninyi walimu wachanga mlioniomba niandike mambo ya kazi msije mkatafuta shujaa humu. Hayumo. Yumo mwanamke wa Ndalu anayeitwa Nelima, yaani mimi, ambaye mikono yake hutetemeka, aliyepewa ufunguo wa kabati la kemikali akiwa bado msichana na tangu siku hiyo usingizi wake ukawa wa kukatika katika. Habari za vyeo na mishahara zina wenyewe wa kuzisimulia.

Nilianza Kitale, katika shule yenye maabara iliyopakana na shamba la mahindi. Mkuu wa idara alikuwa Mwalimu Kamau, mzaliwa wa Mkoa wa Kati ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa na nyusi moja. Siku ya kwanza aliniita dirishani penye mwanga akaniinamishia uso.

"Mwalimu, unaona hii nyusi ya kushoto?"

"Sioni, Mwalimu."

"Basi umeona vizuri. Haiko. Ilienda na potasiamu. Kuja sasa nikuonyeshe mwizi mwenyewe."

Akafungua kabati akatoa chupa pana ya kioo. Ndani mlikuwa na mafuta, na ndani ya mafuta mlilala vipande vya kijivu, vibaya kutazama, kama vipande vya sabuni iliyosahauliwa bafuni. Akakishika kimoja kwa koleo, akakikausha kwa karatasi, akakikata kwa kisu cha kawaida cha mezani. Kilikatika kama siagi ya asubuhi. Ndani kiling'aa kama kijiko kipya, na kabla sijamaliza kustaajabu, mng'ao ulikuwa umeshafifia. Hewa ilikuwa imeshaanza kukila. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta. Kamau alitabasamu, akasema mwalimu aliyekuwa hapo kabla yangu alisogea karibu, na ndiyo sababu hayupo tena. Alikuwa amehamishiwa shule nyingine, kwa kweli, lakini mimi sikulijua hilo mpaka muhula wa pili.

Aliniachia sheria zake, nami nawaachia ninyi. Kipande cha kuonyesha darasani kisizidi nusu ya punje ya mahindi. Miwani ivaliwe na mwalimu kwanza, wanafunzi watafuata. Ndoo ya mchanga mkavu ikae karibu, na isigeuzwe kuwa jaa la maganda ya ndizi. Ukiona kipande cha zamani kimevaa ganda la manjano, usikikate, funga kabati uite mtu. Na vipande vihesabiwe vinapotoka na vinaporudi, jinsi kuku mwenye vifaranga anavyofanya akiona kivuli cha mwewe. Sheria hii ya mwisho niliishika kuliko Amri Kumi.

Kamau pia ndiye aliyenifundisha kufundisha jinsi atomu zinavyofungana. Vitabuni na vinywani mwa walimu wengi, sodiamu na klorini huoana. Darasa hucheka, kengele hulia, kila mtu huenda nyumbani na arusi kichwani. Kamau hakutaka kuisikia. "Ndoa gani hiyo?" aliniuliza. "Kwa chembe ya chumvi kila sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini imezungukwa na sodiamu sita. Hiyo utaenda kuelezea padre aje?" Yeye alisema hivi: atomu ya sodiamu ina elektroni moja peke yake kwenye ganda la nje, mbali na kiini, imeshikwa kwa ulegevu. Potasiamu iko vivyo hivyo, ila yake iko mbali zaidi na imeshikwa kwa ulegevu zaidi, kwa hivyo ni mkorofi zaidi. Klorini, kwa upande wake, imepungukiwa na moja tu ganda lake lijae. Elektroni ikihama kutoka huku kwenda kule, aliyeachwa anabaki na chaji chanya, aliyepokea anakuwa na chaji hasi, na chanya na hasi huvutana. Hapo si atomu tena, ni ioni, nazo hujipanga safu juu ya safu, moja ya huku, moja ya kule, kama magunia ya mahindi na ya maharagwe yaliyopangwa kwa kupokezana ghalani. Na unapotokea mvutano wa namna hiyo, joto linalotolewa ndilo lililochukua nyusi yake.

"Usiwaambie watoto ati metali ni mkarimu inapeana," alisema. "Ukarimu hauchomi mtu. Waambie ni kitu haijatulia, na ikipata pa kutulia, usisimame katikati."

Nililiandika hilo moyoni. Kamau alistaafu akaenda kufuga ng'ombe, na mimi baadaye nikahamishiwa Bungoma, kwenye shule ya wasichana upande wa Webuye. Niliikuta chupa nyingine, mafuta mengine, na hofu yangu ile ile ikanifuata kama mbwa aliyezoea mwenyewe.

Huko ndiko nilikopata njia yangu mwenyewe ya kuingia somo. Nilianzia jikoni. Wasichana wangu wengi walikuwa Wabukusu kama mimi, na hakuna aliyelelewa na nyanya, ambaye sisi tunamwita kukhu, asiyejua munyu. Kwa msomaji wa mbali, munyu ninaousema ni maji ya majivu. Maganda makavu ya maharagwe huchomwa, majivu hutiwa kwenye kopo lililotobolewa chini, maji humiminwa juu, na chini hudondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Kijiko kimoja cha maji hayo hulainisha kunde na mrenda mpaka mtu alambe vidole. Na mpishi haupimi munyu kwa macho. Huchovya kidole akaonja kwa ncha ya ulimi, na ulimi humwambia kama ni mkali au umepoa. Nilikuwa nikiwauliza wasichana: ndani ya munyu mna nini? Wanabahatisha weee, kisha nawaambia: mna potasiamu. Wanashangaa, na somo linaanza likiwa na harufu ya nyumbani.

Siku ya pili ndipo nilipofundisha elektroni inavyohama na atomu inavyogeuka ioni. Siku ya tatu nilionyesha metali yenyewe katika karai la maji. Masomo matatu, na kila moja lilishikwa mkono na lililotangulia.

Sasa, mwaka mmoja si zamani, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili aitwaye Nanjala. Mkimya, makini, kalamu yake ilikuwa fupi kila wakati. Alihudhuria siku ya munyu. Siku ya ioni alikuwa amelazwa na malaria. Siku ya metali alirudi, amekonda, akakaa mbele kabisa. Ilikuwa Ijumaa ya mapumziko ya katikati ya muhula, na saa sita shule ilikuwa inafungwa. Nilionyesha haraka: kipande kidogo, miali ya zambarau, kishindo, makofi. Nanjala akainua mkono.

"Madam, hii ndio ile mlisema iko kwa munyu ya kukhu?"

Wenzake wakacheka. Kengele ikalia, viti vikaburutwa, wakatawanyika kama siafu waliomwagiwa maji. Nilimwona akibaki nyuma kidogo karibu na meza, akijipaka mdomo mafuta ya mgando kutoka kikopo kidogo. Midomo ya mtu aliyetoka homa hukauka, nikaona ni sawa. Nilikuwa naye Mwalimu Simiyu, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, akikusanya miwani.

Nilipohesabu vipande, kimoja hakikuwepo.

Nikahesabu tena. Nikamulika chupa dirishani, nikainama chini ya meza, nikatazama kwenye mchanga. Simiyu akanitazama kwa huruma ile vijana huwapa wazee.

"Madam, si labda umehesabu vibaya tu?"

"Simiyu, mtu mwoga hahesabu vibaya."

Ndipo kile kikopo kikanirudia machoni. Yule mtoto alikuwa amesikia kwamba metali hii hukaa ndani ya mafuta, akaipatia mafuta aliyokuwa nayo. Alikuwa amefikiri vizuri, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwa sababu mtoto anayefikiri vizuri hatupi kitu njiani. Anakifikisha anakokipeleka. Na swali lake lilikuwa limeshaniambia ni wapi. Aliamini amebeba munyu.

Tulikimbia hadi langoni. Wasichana wa Bokoli, kwao Nanjala, walikuwa wameondoka kitambo. Ofisini tulipata nambari ya simu ya nyanya yake, ambaye ndiye aliyemlea. Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena na tena, sauti ya yule mama wa mashine ikawa inanijibu kwa upole ule ule, nikatamani kumtukana. Nikachukua koleo, kisu, miwani na kitambaa kikavu, nikapanda nyuma ya pikipiki ya Simiyu. Mimi, ambaye pikipiki huziogopa karibu kama potasiamu.

Niseme ukweli wa safari ile. Mawingu yalikuwa meusi upande wa Mlima Elgon na upepo ulinuka mvua. Kila tone lililonipata shavuni nililiona likipenya begi la Nanjala, likipenya kifuniko cha kikopo. Kipande kile kilikuwa kizima, kikubwa mara nyingi kuliko nusu ya punje. Nikamwona amelilalia begi. Nikaona sufuria inachemka, mtu ameinama juu yake, na mkono unaachia. Sikuomba maombi marefu. Nilisema tu, macho yao, Bwana, macho yao, mpaka Simiyu akageuka kuuliza kama nimeona kitu mbele.

Bokoli tuliuliza kwenye kisiagi cha unga. Mama mmoja mwenye debe kichwani akatuelekeza kwa kidevu.

"Kwa Nanjala? Yule kukhu wa kuuza munyu soko? Shuka hapo chini, utaona moshi. Hiyo moshi haiishangi. Imemaliza huyo mama macho."

Niliposikia moshi na macho, nikaelewa ni kwa nini mtoto alifanya alivyofanya. Pikipiki haikupita kwenye kile kijia chenye matope. Nikashuka, nikakimbia kwa miguu, viatu vya shule mkononi.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Nanjala alikuwa amechuchumaa akichambua kunde. Sufuria ilikuwa mekoni na maji yanatokota. Kukhu, mwanamke mdogo wa umbo, macho mekundu yanayotiririka, alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikopo kiko mapajani. Alikuwa amekwishayakwangua mafuta ya mgando kwa ukucha na kukitoa kile kipande. Alikuwa amekishika kwa vidole viwili. Na alikuwa anafanya lile ambalo kila mpishi wa kwetu hulifanya kwa munyu asioujua: alikuwa anakipeleka kwenye ncha ya ulimi.

"Kukhu! Usionje!"

Sikuijua ile sauti. Mkono wake ukasimama hewani. Ulimi ulikuwa nje, na baina yake na kipande hapakuwa na upana wa kiganja. Akaurudisha ulimi mdomoni polepole, akanigeukia kwa hasira ya mwenye nyumba.

"Wewe ni nani unapiga kelele kwa jikoni yangu? Hata hujabisha!"

"Mimi ni mwalimu wa Nanjala. Nakusihi Kukhu, usisonge. Usiiweke karibu na maji."

"Mwarimu hubisha hodi, anapewa kiti. Hapigi kelele kama ng'ombe imeingia kwa shamba."

"Nitabisha baadaye. Ilete hapa. Polepole."

Nilitaka kukipokea kwa koleo lakini mikono yangu ilitetemeka hata koleo likawa linagongana lenyewe. Ni Simiyu aliyefika akihema, akakichukua kile kipande, akakirudisha ndani ya mafuta ya mgando na kukifunga. Vidole vya Kukhu nilivifuta kwa kitambaa kikavu mara nyingi kabla sijamruhusu kuvinawa kwa maji mengi. Ngozi ilikuwa nyekundu kidogo mahali mafuta yalipoisha, basi. Hapo ndipo nilipokaa chini sakafuni bila kukaribishwa, na machozi yakanitoka.

Nanjala naye alikuwa analia.

"Madam, mlisema ndio hiyo iko kwa munyu. Nilitaka tu Kukhu aache kuchoma maganda. Daktari alisema moshi itamaliza macho yake. Nikaona hii haina moshi."

Mvua ikaanza kugonga mabati. Kukhu alinitazama, akamtazama mjukuu wake, akakitazama kikopo.

"Umenikataza nisionje," akasema. "Sasa nionyeshe ni nini ningeonja."

Nilikataa. Nikasema mvua. Akasema pana kibanda cha ng'ombe na ng'ombe hayumo. Nikasema ni hatari. Akasema hatari ameibeba mjukuu wake begani, na hawezi kulala na kitu asichokijua. Hilo nililielewa kuliko mtu yeyote duniani. Basi tukaweka karai la maji kibandani, nikawasimamisha wote mbali, nyuma ya ukuta wa matope, miwani nikamvalisha Kukhu. Nikakata kichembe kidogo kuliko vyote nilivyowahi kukata, nikakiachia majini nikakimbia.

Kilikimbia juu ya maji kikilia, kikawaka zambarau, kikazunguka ukingo kama kinatafuta mlango, kisha kikapasuka kwa kishindo na cheche ikaruka hadi kwenye majani ya boma. Kuku wote walitawanyika. Kukhu alijifunika mdomo kwa mkono. Nilimwona, chini ya kiganja, akiugusa ulimi wake kwa kidole kana kwamba anahakikisha bado upo.

"Hiyo ni ile kidogo," akasema.

"Ndiyo, Kukhu."

"Na ile nilikuwa nayo ni kubwa."

"Ndiyo."

Nami nikamfundisha Nanjala lile somo alilolikosa, tukiwa tumesimama kwenye mavi ya ng'ombe. Nilimwambia metali hii ina elektroni moja isiyotulia, na ikikutana na maji huitupa kwa nguvu, na ule moto ndio kutupa kwenyewe. Nilimwambia potasiamu iliyomo kwenye munyu ilikwisha kuachana na elektroni hiyo tangu zamani, hata kabla mharagwe haujainyonya kutoka udongoni. Haikupita kamwe kwenye chupa ya kabati langu. Ni ioni, ina chaji chanya, imeshikwa na wenzake wenye chaji hasi, na haina tena kitu cha kutupa. Akauliza kama sasa maji ya karai yamekuwa munyu. Nikamwambia hapana, hayo ni makali mno, yanachoma, hata ng'ombe asiyanywe. Nikayazimua kwa maji tele nikayamwaga mbali.

Kukhu alikuwa anasikiliza kwa namna yake.

"Kwa hivyo yangu imetulia," akasema.

"Imetulia, Kukhu."

"Na hiyo yenu bado inatafuta."

"Bado inatafuta."

"Basi mrudi nayo. Hapa kuna mtoto."

Kuhusu moshi, nilimwambia Nanjala kwamba munyu hautoki kwenye moshi, unatoka kwenye majivu. Maganda yachomwe nje, upepo ukiwa mgongoni, na achomaye awe yeye akiwa likizo, Kukhu akae mbali. Ni ushauri mdogo, hauhitaji shahada. Shuleni palizuka maneno ya kumfukuza. Nilisema mtoto aliiba ili kuokoa macho ya mtu, na adhabu yake ameshaiona ikipasuka kwenye karai. Alipewa kufagia maabara muhula mzima, akaifagia vizuri. Na tangu mwaka ule sijapata kutaja munyu siku moja na kuacha ioni kwa siku nyingine. Yote hufundishwa kwa pamoja, hata kengele ikilia, na asiyekuwepo hukalishwa peke yake akaelezwa kabla hajaliona kabati likifunguka. Fanyeni hivyo. Mkisahau mengine yote, hilo msilisahau.

Siku ya kustaafu nilimpa Simiyu chupa ya potasiamu avihesabu vipande mbele yangu. Akahesabu, akaniambia viko sawa, akafunga. Kisha, akidhani nimegeukia dirishani, akafungua akahesabu tena. Nikaona anaogopa. Nikampa ufunguo.

Kukhu alinifungia chupa ya munyu siku ile ya Bokoli, na amekuwa akinitumia nyingine kila inapoisha. Niko nayo hapa jikoni. Kila nikipika kunde nachovya kidole, nakiinua, na kila mara mkono unasimama wenyewe mbele ya ulimi. Najua ni munyu. Najua ulikotoka na nani aliuchuja. Hata hivyo nasimama pale, kidole hewani, nikisubiri mtu aje mbio mlangoni anipigie kelele. Haji mtu. Ndipo naonja.